Pete Tamu ya Sikukuu: Shajara ya Mradi, Tabora

Lengo la mradi ni mkate mtamu wa umbo la pete, unaojazwa kabla ya kuokwa, wa kuuza Krismasi na Mwaka Mpya, kisha Idi. Uzito ukitoka jikoni ni kama kilo moja na robo, watu kumi wanakula na kutosheka. Tunaoka kwa oveni ya umeme, na umeme ukikatika tunahamia kwenye sufuria na mkaa, kwa hiyo kila kipimo humu kimepangwa kikubali majiko yote mawili.

Umbo lenyewe ni la zamani na lina kazi. Hispania wana roscón wa tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi, na Meksiko wana rosca yao ya siku hiyohiyo. Mkate mtamu wenye siagi na mayai huiva kwa shida katikati: nje umeshakuwa kahawia, ndani bado ni donge. Ukitoboa tundu, hiyo katikati haipo tena, na moto unaingia kutoka pande zote mbili. Roscón ya Hispania mara nyingi hupasuliwa baada ya kupoa na kutiwa krimu. Kwa joto la Tabora krimu tumeiacha mapema, haifiki sokoni ikiwa salama. Rojo letu linaingia kabla ya moto, na hapo ndipo kazi yote ilipo: kulifanya likae lilipowekwa.

Septemba: donge

Kipimo kimeshafungwa, hakibadilishwi tena. Unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 230, yai moja, sukari gramu 75, siagi gramu 75, hamira ya chenga ndogo gramu 8, chumvi gramu 8, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai.

Mdalasini hauingii kwenye donge. Mafuta yake huizorotesha hamira, na donge lenye mdalasini mwingi huchelewa kuumuka hata siku ya jua kali. Tunauweka kwenye rojo la ndani. Sukari nayo isiongezwe kwa kudhani mkate utakuwa mtamu zaidi. Gramu 75 kwa unga nusu kilo ni kama mpaka, ukivuka hamira inaanza kunyimwa maji. Utamu uje kutoka ndani na juu.

Siagi inaingia mwisho, baada ya donge kukandwa dakika sita au saba. Ikitangulia, unga unavikwa mafuta kabla haujanywa maziwa, na donge halipati ule mvutano wa kubeba rojo. Baada ya siagi kanda tena dakika nane hadi kumi. Kipimo cha kuacha: kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Kikiwa chembamba hadi mwanga unapita bila kuchanika, donge liko tayari. Kikikatika mapema, endelea. Usiongeze unga kwa sababu donge linanata. Kunata kunaisha siagi ikishaingia vizuri, unga uliozidi hauondoki.

Joto la hewa linaamua mengi. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Oktoba ndio mwezi wake wa joto kali. Mwezi huo maziwa yatoke kwenye friji, siyo ya uvuguvugu, na donge huumuka maradufu kwa saa moja au pungufu. Juni na Julai, asubuhi ikiwa baridi, maziwa yapashwe kidogo na uhesabu saa moja na nusu hadi mbili. Anayefuata saa ya ukutani badala ya kuliangalia donge atapata mikate miwili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Donge likiumuka, lishushe hewa, lifunike, liweke kwenye friji nusu saa. Donge baridi husukumwa sawasawa na siagi haitoki jasho.

Oktoba: rojo la ndani

Tulianza na aina tatu zinazopatikana mjini bila kuagiza mbali: tende, karanga na asali, na embe. Zote tatu zimebaki, ila kila moja ina masharti yake.

Tende ndiyo rahisi. Gramu 250 zilizotolewa kokwa, maji ya moto mililita 60, siagi gramu 40, mdalasini vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo sana. Loweka robo saa, ponda kwa mwiko au kinu kidogo hadi ziwe laini, kisha rudisha motoni dakika tatu nne ukikoroga ili maji ya ziada yatoke. Rojo sahihi likichotwa kwa kijiko na kijiko kikageuzwa, halidondoki. Nje ya Ramadhani tende nyingi ni zile za kubanwa kwenye pakiti, kavu; hizo ziongezewe maji vijiko viwili vya chakula, na muda wa kuloweka uwe nusu saa.

Karanga na asali ndilo rojo la Tabora hasa, na ndilo lenye usumbufu. Asali ikiwa baridi ni nzito, unaweza kudhani itakaa. Ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji, inapita kwenye kila ufa, inafika kwenye sinia na kuungua kabla mkate haujaiva. Asali peke yake, hata ya kupaka nyembamba, haifai kujazia. Lazima ifungwe na kitu kikavu kinachoinywa. Kipimo kilichokaa ni hiki: karanga za kukaanga gramu 200, asali gramu 80, siagi laini gramu 40, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, mdalasini kijiko kimoja cha chai. Karanga zitwangwe nusu ziwe unga na nusu zibaki chenga. Ule unga wa karanga ndio unaoshika asali. Chenga zikiwa kubwa zote, asali inazipita. Chenga kubwa pia hutoboa donge wakati wa kukunja, na kila tundu ni mlango wa kuvujia.

Kuhusu karanga zenyewe: chagua kwa mkono kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zenye weusi au harufu ya uvundo zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Kukaanga hakuiondoi. Asali nayo ionjwe kabla ya kununua dumu zima. Iliyorinwa kwa moshi mwingi ina ladha ya moshi ambayo kwenye chai haisumbui sana, lakini ndani ya mkate wenye iliki inajitokeza mbele ya kila kitu. Asali ya Sikonge iliyochujwa vizuri, ya rangi ya kahawia, imetufaa.

Embe linakuja na msimu, mvua zikishaanza. Embe lililoiva halijazwi hivihivi bila kupikwa. Zaidi ya asilimia 80 yake ni maji, na donge lote chini yake linabaki ute. Chukua nyama ya embe kilo moja, sukari gramu 100, maji ya ndimu moja. Pika kwenye sufuria pana bila mfuniko, moto wa wastani, ukikoroga hadi libaki kama gramu 400. Pima kwa mizani, usikisie kwa macho, maana embe likiwa la moto huonekana jepesi kuliko lilivyo, na wengine hulipika hadi linakuwa peremende. Ukivuta mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi ukihesabu mpaka tano, limefika. Lipoe kabisa kabla ya kupakwa. Rojo la moto huyeyusha siagi ya donge na hamira ya hapo inakimbia mbele ya wenzake.

Kiasi cha kujaza: gramu 330 hadi 400 kwa donge moja, basi. Wateja wataomba zaidi. Rojo likizidi hapo, tabaka za donge haziungani, mvuke unakaa katikati yake, na mkate ukikatwa unakuta pango: rojo chini, hewa katikati, paa la mkate juu. Sababu nyingine ya pango hilo ni kupaka siagi iliyoyeyuka chini ya rojo. Siagi kwenye rojo inatosha.

Novemba: kusukuma, kukunja, kuunga

Sukuma donge kwa mti wa kusukumia chapati hadi mstatili wa sentimita 45 kwa 30. Unene ni kama milimita sita. Pembe ndizo hukaidi: zivute kwa vidole ziwe pembe kweli, kwa sababu ncha za duara zinakupa gogo nene katikati na jembamba mwishoni, na pete yake haitakuwa sawa. Donge likirudi kila ukilisukuma, liache dakika tano, usipigane nalo. Kibao kipakwe mafuta kidogo badala ya kunyunyizwa unga mwingi. Unga unaobaki kwenye mkunjo unazuia mshono kushika.

Paka rojo kwa mgongo wa kijiko. Ukingo wa mbali, ule wa sentimita 45, uachwe mtupu sentimita mbili. Ncha mbili za pembeni ziachwe tupu pia, moja sentimita moja, nyingine tatu. Hiyo ya sentimita tatu ni ya maungio, itarudi hapa chini.

Kunja kuanzia upande mrefu ulio karibu nawe. Mkunjo wa kwanza uwe mkazo kidogo, inayofuata ilegee kiasi. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanakaza kila mkunjo ili gogo lionekane zuri. Donge linapoumuka halina pa kwenda, basi katikati linasukumwa juu kama koni. Ukingo ule mtupu upakwe maji kwa kidole, siyo yai na kamwe siyo mafuta, kisha ubanwe kwa vidole viwili urefu wote. Geuza gogo mshono uwe chini. Livute taratibu kuanzia katikati kwenda nje hadi lifikie sentimita 55.

Urefu huo haukuokotwa. Gogo la sentimita 55 likifungwa linatoa pete yenye upana wa karibu sentimita 23 nje, na tundu la sentimita 12. Likiumuka na kuokwa, nje linafika 26 au 27, tundu linabaki 8 au 9. Sinia la kuokea liwe na sentimita 30. Gogo likiachwa 45, tundu linaanzia sentimita 8 tu na linaziba jikoni, na ukishapata mkate usio na tundu umerudi kwenye shida ya katikati mbichi. Kwa usalama, weka bilauri ya chuma iliyopakwa mafuta katikati ya pete. Isiwe kopo lenye rangi.

Maungio. Hapa ndipo pete nyingi hufunguka, na kila iliyofunguka imemwaga rojo. Kubandika ncha kwa ncha na kubonyeza hakutoshi. Donge likivuta, zinaachana. Fanya hivi: ile ncha yenye sentimita tatu tupu ifungue, itandaze iwe kama ulimi mpana. Futa rojo lililoisogelea. Ncha ya pili ibane kidogo iwe nyembamba, iingize ndani ya ulimi, kisha fungia ulimi juu yake na chini, ubane kwa maji. Mshono wa maungio ukae chini, sambamba na mshono mrefu. Kidole kikipita juu kisihisi bonde. Ukilihisi, lipo, na moto utalipanua.

Tuna njia mbili za kukata, na kila rojo lina yake.

Njia ya mkasi ni kwa karanga na embe, baada ya pete kufungwa. Kwa mkasi mkali uliochovywa maji, kata kutoka nje kwenda ndani kila baada ya sentimita nne, ukiacha sentimita moja na nusu upande wa tundu bila kukatwa. Unapata vipande kama 18. Kila kipande kilaze kwa ubavu, kielekee upande uleule, hadi mzunguko wa rojo uonekane juu. Mkasi ufutwe kila baada ya mikato mitatu, vinginevyo unavuta rojo na kupaka nje. Ukikata hadi ndani kabisa, pete inakuwa vipande tu vilivyokaa duara. Ukikata juujuu, havilazi, na vinajirudi vikiumuka.

Njia ya kusuka ni kwa tende peke yake, na inafanyika kabla ya kufunga pete. Gogo likae kwenye sehemu ya barafu ya friji dakika 15, kisha lipasuliwe kwa urefu kwa kisu kikali. Geuza nyuso zilizokatwa ziangalie juu, pitisha uzi mmoja juu ya mwingine kama unavyosuka twende kilioni, zifungwe ncha, ndipo upinde duara. Tende haiyeyuki, inabaki mistari myeusi safi. Tumejaribu kusuka ya asali na karanga: sehemu zilizo wazi zote zilitoa asali, sinia likawa karameli, chini pakawa chungu. Njia hiyo kwa asali imefungwa.

Kuumuka kwa pili ni dakika 35 hadi 45 kwa joto la Novemba. Bonyeza ubavuni kwa kidole: shimo lirudi polepole, nusu tu. Likirudi lote kwa haraka, ngoja. Lisiporudi, umechelewa, peleka jikoni upesi, na ujue mikunjo itaachana na pete italala chini. Pete iliyopelekwa mapema mno ina alama yake pia, hupasuka ubavuni, mara nyingi juu kidogo ya mshono.

Desemba: moto

Oveni ya umeme: nyuzi 175, dakika 30 hadi 35, ngazi ya chini ya katikati. Paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa kabla tu ya kuingiza, na lisichuruzike kwenye mikato, maana yai likiiva linagandisha vipande visifunguke. Pete za asali hupata rangi mapema. Dakika ya 18 zifunikwe karatasi ya alumini. Kwa kipimajoto, ndani ya mkate, siyo ndani ya rojo, isome 90 hadi 92.

Sufuria na mkaa: sufuria nene ya sentimita 36 au zaidi, mchanga mkavu wa sentimita mbili chini, mfuniko bapa. Pasha robo saa kwanza. Mkaa theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Wanaozoea kupika wali watataka moto chini. Pete ya hivyo inaungua sehemu ya chini huku juu iko nyeupe. Weka sinia mbili, moja ndani ya nyingine, hasa kwa asali. Dakika ya 15 geuza sinia robo duara, kwa haraka, kwani kila mfuniko ukifunguliwa joto la juu lote linatoka. Hesabu dakika 35 hadi 45. Mkaa wa juu ukififia, ongeza ulio na moto tayari, siyo mweusi.

Mkate ukitoka, ukae kwenye sinia dakika 10, usizidi. Kabla ya hapo ni laini mno na maungio yanakatika. Baada ya hapo sukari iliyovuja imeshika chini na utaacha ngozi. Toa bilauri ikiwa bado ya moto kwa kuizungusha.

Juu tunapaka asali vijiko viwili vya chakula iliyopashwa na kijiko kimoja cha maji, mkate ukiwa moto. Inang'aa na inazuia ganda kukauka. Kasoro yake ni kwamba haikauki kabisa, na sisimizi wa Tabora hawahitaji mwaliko. Meza ya kupozea isimamishwe miguu kwenye vikopo vya maji. Anayetaka weupe wa sikukuu achanganye sukari ya unga gramu 100 na maji ya ndimu kijiko kimoja na nusu cha chakula, amwage mkate ukiwa umepoa kabisa. Kwenye mkate wa moto inayeyuka na kupotea, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuna waliouliza kuhusu kile kitu kinachofichwa ndani. Desturi ya Hispania ni kikaragosi kidogo na haragwe kubwa kavu. Meksiko aliyepata kidoli ndiye anayeandaa chakula tarehe 2 Februari. Plastiki haiingii motoni kwetu. Mteja akitaka, tunaingiza lozi moja zima kwa chini baada ya mkate kupoa, na mnunuzi anaambiwa wazi lipo, kwa ajili ya watoto na meno ya wazee.

Yaliyobaki

Pete za tende na za karanga hukaa siku tatu zikifungwa zikiwa zimepoa kabisa. Za embe ni siku mbili, na msimu wa mvua tunaandika siku ya kuoka juu ya boksi. Ikifungwa na joto, mvuke unashuka kama maji na juu panakuwa ute.

Maboksi ya keki ya sentimita 25 hayatoshi, yanabana na kuvunja vipande vya pembeni. Tunahitaji ya 30, yenye kimo cha sentimita 10. Hadi yapatikane, oda za pete ya mkasi zinapelekwa kwenye sinia lililofunikwa, na za kusuka tu ndizo zinaingia kwenye maboksi madogo, gogo likikatwa hadi sentimita 48 na rojo kupunguzwa hadi gramu 300.